Hesabu za Mwisho za Tovuti Yetu ya Vibonzo

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, niliketi barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, nikiwa na simu, daftari la hesabu na orodha ya watu 19 wanaonidai, nikaanza kuwarudishia pesa zao mmoja baada ya mwingine. Hao ni wasomaji waliolipa ada ya mwaka mzima, shilingi 1,000, katika tovuti yetu ya hadithi za vibonzo ambayo sasa nimeifunga, na kila mmoja wao alikuwa amebakiwa na miezi ambayo hatutaweza kumpa kitu. Aliyebakiwa na miezi mitano nilimtumia shilingi 420, aliyebakiwa na mwezi mmoja nikamtumia 85, na gharama ya kutuma nikaibeba mwenyewe.

Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa sehemu nyepesi ya kufunga. Wa nne katika orodha alikuwa mama mmoja wa Malindi, na hazikupita dakika mbili baada ya kumtumia pesa akanipigia simu kwa ukali, akaniambia kwamba yeye si mtoto, kwamba michezo ya watu wanaotuma pesa "kimakosa" kisha wakaomba zirudishwe anaijua vizuri, na kwamba kama nina haya nisimpigie simu tena, ilhali aliyepiga ni yeye. Nilimweleza taratibu mimi ni nani na pesa zile ni za nini. "Ni zako, mama, wala sitaomba zirudi," nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Na yule binti wa nahodha, mwisho wake umekuwaje?" Sikuwa na jibu. Hadithi hiyo imekatika katika sura ya tisa, binti akiwa amejificha chini ya marundo ya makuti ndani ya jahazi, na mimi ndiye niliyeikata.

Naandika haya kwa sababu wengi wameniuliza kilichotokea, na ni afadhali nikieleza mara moja kwa ukamilifu.

Tulianza mwaka 2021 tukiwa watatu: mimi niliyeandika hadithi na kushika hesabu, mchoraji wa Shela, na fundi wa rangi aliyekuwa akifanya kazi kutoka Malindi. Ada ilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mwezi wetu bora kuliko yote ulikuwa ule wa Ramadhani ya mwaka 2022, tulipopata wasomaji 214 waliolipa, yaani shilingi 21,400. Mwezi huohuo tulitoa kurasa 16, na kila ukurasa uliokamilika, mchoro na rangi pamoja, niliulipia shilingi 1,500, hivyo malipo ya mafundi peke yake yalifika 24,000. Katika mwezi wetu bora, basi, kabla sijagusa gharama ya seva, tulikuwa tumekwisha kupata hasara ya shilingi 2,600. Seva ilitozwa dola 25 kwa mwezi, na ilipofika Januari 2024, dola moja ikawa inauzwa kwa takriban shilingi 160, bili hiyo peke yake ilikuwa shilingi 4,000. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini kufikia hapo wasomaji walikuwa wamepungua kiasi kwamba nafuu hiyo haikuonekana popote kwenye daftari. Mwezi wa mwisho tulikuwa na 61.

Kazi yangu ya kila siku, kwa asiyejua, ni kushika hesabu za nyumba mbili za wageni hapa mjini. Ningemkuta mwenye nyumba anaendesha biashara kwa namna hii, ningemwambia afunge kabla ya mwezi kuandama.

Kuna wanaonifariji kwa kusema kwamba watu wetu hawalipii vibonzo. Siikubali faraja hiyo, kwa kuwa si ya kweli. Juha Kalulu, mhusika wa vibonzo wa Edward Gitau, alidumu miongo mingi katika Taifa Leo, na wako wazee hapa waliokuwa wakilifungua gazeti kwa kumtafuta yeye kwanza kabla ya kusoma habari yoyote. Hata hivyo walichonunua ni gazeti, na Juha alikuwa ndani yake. Shujaaz nayo, jarida la vibonzo la vijana, tangu mwaka 2010 ilimfikia kijana wa Kenya bila malipo, ikiwa imetiwa ndani ya gazeti. Msomaji wetu amezoea kwamba kibonzo huja kikiwa kimebebwa na kitu kingine kilichokwisha kulipiwa, na mimi nilimtaka anipe pesa kwa ajili ya kibonzo pekee. Si jambo lisilowezekana, ila lilitaka mpango bora kuliko niliokuwa nao.

Mpango wenyewe niliuiga. Mwaka 2002 huko Marekani Joey Manley alianzisha tovuti iitwayo Modern Tales, ambayo kwa ada ya chini ya dola tatu kwa mwezi ilimpa msomaji hadithi za wachoraji wengi mahali pamoja. Ukurasa mpya ulisomwa bure, na aliyetaka kusoma zilizotangulia ndiye aliyelipa. Nilivutiwa na ujanja huo wa kuonjesha kwanza na kuuza baadaye, nikauchukua ulivyo, nisitazame pesa zenyewe zinasafiri vipi. Mtu anayelipa kwa kadi ya benki hukubali mara moja, na baada ya hapo benki huendelea kukata kila mwezi mpaka atakapoamua kuizuia; uvivu wake unamfaidi muuzaji. Msomaji wangu alilipa kwa M-Pesa, na kila tarehe mosi ilimbidi achukue simu, aandike namba, aandike kiasi, atie namba ya siri, na katika kila hatua kati ya hizo alikuwa na nafasi ya kukumbuka kwamba bando limekwisha au kwamba mtoto anadaiwa ada ya madrasa. Uvivu wake ulinila mimi. Wale 214 niliwahesabu kama watu walioingia ndani wakaketi, kumbe walikuwa wapita njia waliobisha hodi mara moja, na kila mwezi ilinipasa nitoke tena barabarani kuwaita. M-Pesa Ratiba, inayomwezesha mtu kupanga malipo yajilipe yenyewe, ilikuja mwaka 2024. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa mwavuli akiwa amekwisha kulowa, na kati ya wasomaji wote ni watatu tu walioitumia.

Jambo la pili nililiona kwa macho yangu Mkomani, jioni moja, nilipopita karibu na baraza na kusikia maneno niliyoyaandika mimi. Kijana mmoja alikuwa ameshika simu, amezungukwa na wenzake saba, anasoma kwa sauti huku akimpa kila mhusika sauti yake: nahodha kwa kukoroma, binti kwa sauti nyembamba iliyowachekesha wote. Kila alipomaliza ukurasa aliigeuza simu na kuizungusha ili kila mmoja aione picha, kama mtu anayepitisha sahani ya halua. Mlipaji mmoja, wasomaji wanane. Nilisimama pale nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja, kisha nikaenda zangu bila kujitambulisha. Wapo walioniambia nizuie kupiga picha za skrini, nifunge akaunti inayofunguliwa kwenye simu mbili, na mengineyo. Nilikataa, na mpaka leo naona nilikuwa na haki, maana hivyo ndivyo hadithi zinavyosomwa katika mji huu tangu zamani, na mwenye kuuza hadithi hapa anapaswa kulitia baraza katika bei yake tangu mwanzo badala ya kupigana nalo.

Hadithi yetu iliyosomwa sana ilikuwa ile ya Fumo Liyongo, na sura iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kifo chake: amechomwa sindano ya shaba kitovuni, amepiga goti karibu na kisima, ameshika upinde na mshale, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kumdhani yu hai. Mchoraji alilichora goti lile kwa wino mzito, ukurasa mzima, bila neno hata moja. Nimeutazama ukurasa huo mara nyingi mwaka huu. Tovuti yangu ilikuwa imekufa tangu mwishoni mwa 2023, nami niliendelea kuisimamisha na upinde wake kwa miezi mingi, kwa sababu watu walikuwa wakinisalimu njiani kwa jina lake.

Mafundi wawili niliwalipa madeni yote kabla ya kutangaza. Michoro ya asili nimewakabidhi kila mtu yake, kwenye flashi na kwa karatasi iliyotiwa saini inayosema kwamba haki zote ni zao na sidai asilimia yoyote watakapoiuza kwingine. Tulibishana jambo moja tu. Nilitaka kurasa zote zifunguliwe bure mpaka muda wa seva uishe. Mchoraji alikataa, akisema kwamba kilichouzwa jana kikigawiwa leo, kesho hakitanunuliwa. Ni kazi ya mikono yake, kwa hiyo nimefuata neno lake.

Leo asubuhi, tovuti ikiwa haifunguki, imeingia shilingi 100. Ni mmoja wa wale watatu wa Ratiba, na malipo yake aliyapanga mwaka mzima. Nimemrudishia, lakini mwenye uwezo wa kuyasimamisha ni yeye peke yake, na simu yake haipatikani. Nduguye ameniambia yuko baharini, upande wa Kiunga, na hatarudi kabla ya mwezi kwisha.