Siku boti yangu iliponikataa

Boti ile niliizoea kwa jina la "mgonjwa wangu". Mimi ni fundi wa injini kwenye karakana iliyoiunda, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulala chali chini ya injini ya kulia, nikikaza boliti zilizopangwa na mtu ambaye naamini hana viwiko. Nilipoalikwa kwenye hafla ya kuiingiza rasmi kwenye jeshi la majini nikajua naenda kuona chupa ikivunjwa kwenye pua ya boti.

Chupa haikuwepo. Hiyo ni ya siku ya kushushwa majini, na hii ilishashushwa kitambo, ikiwa gamba tupu. Mitambo tuliifunga baadaye, yakafuata majaribio ya baharini: mwendo wa mwisho, kusimama ghafla, kukata kona hadi vikombe vinamwagika. Tatizo siku zote mbili tunaziita uzinduzi. Ila kuzindua ni kuamsha, na kwa maana hiyo nadhani siku hii ya pili ndiyo inayostahili neno lenyewe.

Mabaharia walipangwa gatini, hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani. Kamanda akasoma amri inayomkabidhi boti. Bendera ikapanda, na kileleni mwa mlingoti ukapandishwa utepe mrefu, mwembamba kama ulimi wa nyoka. Mstaafu mmoja wa jeshi la majini aliyeketi kando yangu akaninong'oneza kwamba utepe huo ukichakaa hubadilishwa, lakini mlingoti haukai bila utepe mpaka boti itakapostaafu. Ikatoka amri, wakapanda mbio. Rada ikaanza kuzunguka, king'ora kikalia, zamu ya kwanza ikawekwa.

Jioni nikausoma Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kifungu cha 29 kinaeleza manowari, yaani meli ya kivita, ni chombo gani: kiwe cha majeshi ya nchi, kiwe na alama za nje za manowari za nchi hiyo, kiongozwe na afisa aliyeteuliwa na serikali na jina lake limo kwenye orodha ya maafisa, na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Basi. Mzinga haukutajwa, wala kasi. Chombo cha namna hiyo kinaweza, kwa Kifungu cha 110, kuikagua meli inayoshukiwa uharamia kwenye bahari kuu. Wiki moja kabla, ikiwa bado mali ya karakana, boti ileile yenye boliti zangu zilezile isingethubutu.

Wageni walipoanza kutawanyika nilitaka kushuka mara moja nikaangalie pampu ya mafuta ya injini ya kulia, ilikuwa na tabia ya kutoa jasho. Kijana wa zamu akanizuia kwenye ngazi.

"Kibali, mzee?"

"Mwanangu, hiyo injini nimeifunga mimi."

"Sawa, mzee. Kibali?"

Nikamwachia ujumbe ampelekee mhandisi wao: pampu ya kulia, boliti ya tatu, asiikaze sana.