Sekunde tatu

Leo nimesikiliza sauti yangu mwenyewe kwa dakika arobaini na sijapata usingizi, kwahiyo acha niandike tu.

Niko wiki ya tano ya mafunzo ya ualimu, hii kozi ya kutuandaa kwenda kufundisha kwenye shule za watoto wa familia zenye hali ngumu, asubuhi tunakaa madarasani kama wanafunzi alaf mchana tunaenda kufundisha kweli. Mkufunzi wetu alituambia kila mtu arekodi kipindi kimoja kwa simu, akae nacho peke yake, ahesabu kitu kimoja tu: ukiuliza swali, unasubiri sekunde ngapi kabla hujaongea tena? Nilijua mi ni mvumilivu, kila mtu ananiambia hivo tangu zamani.

Nimehesabu mara mbili maana mara ya kwanza sikuamini. Sekunde moja. Kuna maswali hata hiyo moja haifiki, nauliza na kujibu kwa pumzi ileile. Na nimeuliza maswali mengi mno jamani, yaani kipindi kizima ni mimi naongea na watoto wawili watatu wa mbele wanadakia.

Sio mimi wa kwanza, hilo nimelijua asubuhi hiihii kwenye makabrasha tuliyopewa. Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alisikiliza rekodi nyingi sana za vipindi vya sayansi akakuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, darasa lilibadilika: majibu yakawa marefu, watoto wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe, na wale waliozoeleka kukaa kimya wakaanza kuongea. Na kuna sehemu nilipoisoma nikafunga daftari kwanza. Alikuta walimu wanawasubiri zaidi watoto wanaowaona wana akili, wale wanaoonekana wazito wanapewa muda mfupi zaidi. Yaani anayehitaji muda ndo ananyimwa!

Nikarudi kwenye rekodi kumtafuta mtoto mmoja. Anakaa dawati la mwisho, anachelewa karibu kila siku manake asubuhi anawahudumia wadogo zake kwanza, daftari lake moja linabeba masomo yote. Wiki ya kwanza nilipoambiwa habari zake nililia. Nikajiapiza huyu sitamwaibisha kamwe mbele ya wenzake. Sasa kwenye rekodi namsikia mwenyewe namuuliza, "kati ya nusu na robo ipi kubwa?" na kabla hajavuta hata pumzi namwambia "haya tumsaidie, nani anajua?" Kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayempenda.

Hapo ndo nimekwama tangu asubuhi. Ningekua nimemdharau ningejirekebisha haraka, dharau unaijua ukiiona. Ila hii ilikua huruma. Nilimhurumia mpaka nikamnyang'anya zamu yake, na nikikumbuka vizuri nimemfanyia hivo siku zote nilizomfundisha, kwahiyo kwa wiki zote hizi darasa zima limesikia kutoka kwa mwalimu kwamba yule wa nyuma hawezi. Sijawahi kulitamka hilo neno. Halikuhitaji kutamkwa.

Kwenye semina za mwanzo tulisoma ule utafiti wa Rosenthal na Jacobson wa mwaka 1968, walimu wa shule moja ya msingi California waliambiwa watoto fulani watapanda sana mwaka huo, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu, na baadae baadhi ya wale watoto, hasa wa madarasa ya chini kabisa, wakapanda kweli kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu zile hesabu na sitaki kuzibeba kuliko uzito wake. Ila siku ile nilikua najiuliza, hayo matarajio ya mwalimu yanamfikiaje mtoto, yanapita wapi? Leo nimesikia njia mojawapo kwa masikio yangu. Inapita kwenye sekunde.

Mchana nikapata nafasi ya kujaribu, maana mwalimu mlezi wangu aliniachia marudio ya hesabu za sehemu. Nikamuuliza yule mtoto wa nyuma tena swali lilelile, alaf nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Wale wa mbele mikono juu wanaruka kwenye viti, nikawaonyesha ishara washushe. Tatu. Nne. Mwili mzima unataka kuongea, sijui niielezeje ile presha, unahisi unamtesa mtoto. Kama ya sita hivi akasema, taratibu, "robo."

Ulimi ulishafika kwenye "hapana" nikaumeza. Nikamwambia nieleze umeifikiriaje. Akanyamaza tena, nikangoja tena, akasema, "kwasababu nne ni kubwa kuliko mbili mwalimu."

Mtoto alikua na sababu! Siku zote hizo alikua nayo kichwani na mi sikuwahi kuisikia, na ni sababu inayoeleweka kabisa, amechukua kitu anachokijua kuhusu namba nzima akakitumia kwenye sehemu. Nikampa karatasi mbili, akaikunja moja mara moja, nyingine mara mbili, akaziweka juu ya dawati akaziangalia muda mrefu. Kengele ikalia kabla hajasema kitu. Akakunja zile karatasi akaweka katikati ya daftari lake akaondoka nazo.

Kesho nina kipindi cha pili. Kwenye andalio la somo nimepunguza maswali yakabaki sita tu, na mbele ya kila moja nimechora vidoti vitatu vya kalamu nyekundu nivione hata nikiwa nimesimama. Swali la kwanza ni la kwake, nataka anionyeshe zile karatasi na aniambie ameona nini.