Waya hadi chumba cha juu, na sasa darasa langu haligandi tena

Mimi nafundisha Kiswahili mtandaoni, wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, na chumba changu kiko ghorofa ya juu nyumbani kwa dada yangu hapa Kisaasi, Kampala. Rauta iko chini sebuleni nyuma ya tivi, pale faiba, yaani waya wa intaneti, inapoingilia kutoka kwenye nguzo. Kati ya rauta na mimi kuna zege yenye nondo tele halafu ukuta wa matofali ya kuchoma, na waifai inafia hapo hapo. WhatsApp nilikuwa napata vizuri tu, lakini nikianza somo sura ya mwanafunzi inaganda mdomo wazi, sauti inakatika katikati ya ngeli ya KI-VI, halafu nasikia "mwalimu, bado upo?" Inauma sana, mtu kalipia saa yake na mimi nimejiandaa tangu asubuhi.

Nilianza na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, wengi tunakiita ripita. Kinapokea waifai na kuirusha tena, na vile vya bei ndogo vinafanya yote mawili kwenye chaneli moja, kwa hiyo spidi inabaki karibu nusu. Tena mimi nilikuwa nimekichomeka chumbani kwangu kabisa, mahali ambapo waifai yenyewe imeshachoka, sasa kitarudia nini? Nikakihamishia kwenye ngazi, nafuu kidogo ila kuganda kuko pale pale. Nikajaribu pia ile waifai ya 5 GHz, ni ya kasi kweli ukiwa sebuleni lakini zege haivuki, na ile ya 2.4 inavuka ila majirani wote wamejazana huko.

Jirani akaniazima vile vya kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme za nyumba, kimoja chini kimoja juu. Siku ya kwanza nilishangilia. Siku ya pili dada akawasha blenda na darasa likaanguka. Nyumba hii imeunganishwa umeme na mafundi tofauti miaka tofauti, sikuwa na hamu ya kujua kilichomo ndani ya kuta, nikamrudishia vitu vyake na shukrani nyingi.

Nikasema basi, ni waya. Fundi akaja, akaangalia, akasema, "Nnyabo, hii kazi ya nusu saa, tunatokea dirisha la sebule, tunapanda ukutani kwa nje, tunaingilia dirishani kwako." Nikamwambia hapana ssebo. Kwanza ile kebo ya kijivu ni ya ndani, jua likiipiga ganda linakauka na kupasuka, ya nje ni nyingine. Pili radi. Sisi wa kando ya ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, tunazijua radi zetu, na kebo ya shaba iliyotandazwa nje inaweza kuvuta mshtuko hadi kwenye mashine hata kama radi haijapiga nyumba yenyewe. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, lakini waya wa shaba unapitisha. Tukakubaliana ipite ndani kwa ndani, ifuate ukingo wa ngazi kwenye trankingi nyeupe, ule mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya, itoboe ukuta mmoja tu wa chumba changu, na isitembee bega kwa bega na nyaya za umeme, zikikutana zikatizane tu.

Kwenye kebo ndiyo naomba msinipuuze. Nilienda naye mjini dukani mwenyewe. Ya kwanza tuliyopewa imeandikwa Cat 6, daraja la juu kuliko Cat 5e, kwa herufi kubwa na bei nzuri mno, ukiinyanyua nyepesi kama kamba ya nguo. Nikaomba wembe nikakwangua waya mmoja, juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inakatika ovyo ukiikunja na inapoteza nguvu njiani. Tukachukua Cat 5e ya shaba tupu mita 25, maana Cat 5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde, yaani Mbps 1000, hadi mita 100 na sisi tunalipia Mbps 20 tu, Cat 6 ingenisaidia nini? Kheri shaba halisi ya daraja la chini kuliko jina kubwa la uongo.

Fundi alipitisha kebo tundu likiwa dogo kwa sababu kichwa, ile plagi ya kebo, kinabanwa mwisho, akapanga rangi za nyaya nane za ndani kwa mpangilio wa B, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili sawa. Nikachomeka, intaneti ikaja, akaanza kukusanya vyombo vyake. Nikamwomba asubiri. Laptopu ilikuwa inaonyesha Mbps 100 badala ya 1000. Tukaweka testa ya kebo, yenye taa moja kwa kila waya, taa ya 7 haikuwaka. Spidi ya 100 inatumia nyaya nne tu, ya 1, 2, 3 na 6, ndiyo maana kila kitu kilionekana sawa, lakini gigabiti inataka zote nane. Akakata kichwa cha juu, akabana upya, taa zote nane zikawaka moja moja kwa zamu na laptopu ikasoma 1000. Hakukasirika, alisema wateja wengi hawaangalii.

Laptopu yangu ni nyembamba haina tundu la kebo, natumia kiunganishi cha USB, na waifai nimeizima kabisa ili isije ikanirudisha kule. Kwa waifai nikipima muda wa ujumbe kwenda kutoka kwangu hadi rauta na kurudi ilikuwa milisekunde 8, mara 240, mara kimya. Kwa waya ni 1 au chini yake, saa zote.

Umeme ukikatika laptopu ina betri ila rauta inazima, kwa hiyo chini nimeweka ka-UPS kadogo, kabetri ka akiba, ka volti 12, angalia tu chaja ya rauta yako imeandikwa volti ngapi kabla hujanunua. Mvua ya radi ikianza nachomoa kila kitu, umeme na faiba na hii kebo, natuma ujumbe darasani tusubiri.

Jana tumemaliza ngeli ya KI-VI yote kwa saa moja bila kukatika hata mara moja. Kebo imebaki kama mita saba, na shemeji ameshaanza kuuliza kama itafika kwenye tivi ya chumbani kwao. Fundi anarudi Jumamosi kupima.