Upande B niliouruka miaka miwili

Nyumbani mzee alikuwa na kaseti za dansi kwenye boksi la viatu, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kupeleka mbele. Wimbo unaanza pole pole, mtu analalamika kuhusu mkewe weee, baadae sana ndo magitaa yanachemka, sasa sisi watoto tulikuwa tunataka chemko tu, tunabonyeza, redio inalia kama panya, mzee anatokea chumbani. Kipigo hamna ila maneno yake, afadhali kipigo.

Nimeikumbuka hii juzi maana ndo nimemaliza kusikiliza My War ya Black Flag yote bila kuruka kitu. Ile albamu ni dansi iliyopinduliwa miguu juu. Chemko linatangulia, halafu mwisho ndo unaletewa ya pole pole, na nikisema pole pole namaanisha pole pole kweli, wanaoijua hapo washaanza kucheka.

Kwa msiowajua, Black Flag ni bendi ya jamaa wa Hermosa Beach, California, kati ya waliotengeneza ule muziki wa panki, roki ya kasi na hasira, unaoitwa hadikoo (hardcore). Bosi wao Greg Ginn, mpiga gitaa, na lebo ya kutoa rekodi ni yake mwenyewe, SST, ambayo ilianza kama kabiashara ka vifaa vya redio. Albamu yao ya kwanza Damaged ilitoka 1981, nyimbo 15 kwa dakika kama 35 hivi, mwimbaji Henry Rollins anapiga kelele utadhani kafungiwa stoo. Kabla ya hapo huyo Rollins alikuwa anauza aiskrimu Washington DC, mi hiyo huwa inanichekesha kila nikiikumbuka.

Baada ya Damaged wakaingia kwenye kesi na kampuni ya Unicorn waliyokuwa na mkataba nayo, ikawa hawaruhusiwi kutoa kitu kwa jina la Black Flag, wao wakajifanya wajanja wakatoa mkusanyiko wa rekodi za zamani bila kuweka jina la bendi, mahakama haikucheka, Ginn na Chuck Dukowski wa besi wakalala ndani siku 5. Mwaka 1983 huo. Afueni ilikuja Unicorn ilipofilisika, na hapo bendi ina nyimbo zimejaa mpaka zinamwagika, maana 1984 peke yake walitoa albamu tatu za studio. Ya kwanza ndo hii My War.

Dukowski alikuwa ameshaondoka, ingawa wimbo uliobeba jina la albamu ni wa kwake. Mpiga besi hakuna, kwa hiyo Ginn akapiga besi mwenyewe na kwenye kava akaandika Dale Nixon, mtu ambaye hayupo duniani. Kusema ukweli inasikika, besi ni ya mtu ambaye akili yake yote ipo kwenye gitaa. Bill Stevenson kwenye drams ndo anaishika ile kitu isianguke.

Upande A una nyimbo sita, za kasi kasi, kama ni shabiki wa Damaged unatulia. Unageuza sahani. Upande B nyimbo tatu, kila moja inapita dakika sita, drams zinatembea kama mtu amebeba gunia la mkaa kwenye ngazi, gitaa la Ginn linapapasa papasa gizani. Ni Black Sabbath kabisa ile, wale wazee wa hevi metali nzito. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya dogo wa panki mwaka 1984, umekuja kurukaruka na kugongana mabega, hevi metali kwako ni ya wale jamaa wa nywele ndefu ambao shuleni hamuivi, unafika shoo unamkuta Rollins naye kafuga nywele. Wengi walichukia. Jarida la Maximum Rocknroll, lililokuwa kama msahafu kwa mapanki, lilisema wanasikika kama wanaiga Iron Maiden, bendi nyingine ya hevi metali, na upande B likauita mateso.

Na mi siwalaumu, maana mi mwenyewe niliuruka upande huo miaka miwili! Mimi wa kubonyeza fowadi. Juzi umeme ulikatika, simu ina chaji kidogo nikaona bora nisiwashe skrini, nikaiacha icheze, ikanikuta Three Nights, wimbo wa upande B, gizani na joto lile. Ukishakubali kwamba haitachemka ndo unaanza kuisikia. Kila pigo la ngoma unalisubiri, likija unaona afadhali, likichelewa unakereka, na nadhani Ginn alikuwa anajua kabisa anachokifanya. Ila Scream, nyingine ya upande huohuo, bado naona ndefu, hapo jarida mtanisamehe nakubaliana nanyi.

Walioishika haraka walikuwa madogo wa huko kaskazini magharibi, jimbo la Washington. The Melvins walikuwa bendi ya kasi, wakapunguza mwendo mpaka wakawa wazito kuliko hata Black Flag, na kijana aliyekuwa anawafuata Melvins kila kona, Kurt Cobain, yule wa Nirvana baadae, aliiweka My War kwenye orodha yake ya albamu 50 alizozipenda. Kwa hiyo ule upande uliozomewa ndo ulikuja kuzaa watoto wengi, na sludge yote, ile metali nzito ya pole pole iliyokuja baadae, inapitia hapohapo.

Jumapili nilimwekea mzee spika ya masikioni, Three Nights hiyohiyo. Akasikiliza kimya, dakika moja, mbili, akaitoa akaiangalia.

"Hii betri zimeisha?"

Nikamwambia hapana baba, ndo wimbo ulivyo. Akairudisha sikioni. Nikaona kidole chake kinaitafuta sehemu ya kupeleka mbele.

Acha! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.