Doto alipiga hodi

Jumanne usiku nilifunga grupu letu la simulizi. Nikaweka waandike maadimini tu, na adimini ni mimi peke yangu, nikazima data nikalala. Asubuhi nafungua duka Makoroboi, hapa Mwanza, sijamaliza hata kutundika vitenge vya nje, mteja wangu wa Igoma huyo kafika. Hakuja kununua. "Mama adimini, umetufunga midomo kwa sababu wewe ni Timu Doto."

Ni kweli mimi ni Timu Doto. Ila sikufunga kwa ajili hiyo.

Kwa wasiotujua: tuko mia na kitu, wengi wanawake, tunasoma simulizi kwenye simu. Mwandishi anatuma sehemu mbili kila siku saa mbili usiku. Ukilipa buku unafika nayo mwisho, usipolipa ubaki na arosto yako. Hii ya sasa ni ya Minza, mke wa mvuvi wa dagaa huko Ukerewe. Mumewe Kulwa anatoka usiku wa giza na taa zake, upepo unageuka, mtumbwi unarudi bila yeye. Baada ya arobaini anaanza kuonekana Doto. Sina haja ya kuwaambia Doto ni nani kwa Kulwa. Sura ileile, sauti ileile, mpaka kikohozi.

Wiki ya kwanza ulikuwa utani. Tukawa na Timu Doto na Timu Mwalimu (kuna mwalimu wa sekondari ya kata, mpole, ana baiskeli, mimi ananichosha). Sehemu ya 19 Minza akacheka mbele ya Doto, kicheko cha kwanza tangu msiba, na utani ukaishia hapo. Mmoja akaandika Walawi 18:16. Mwenzake akamjibu na Kumbukumbu la Torati 25:5, pale ndugu wa marehemu anapoagizwa amwoe mjane. Biblia moja, Wakristo wawili, hawasalimiani mpaka leo. Mama mmoja akasema kwao Waislamu ndugu wa marehemu si maharimu. Eda ya miezi 4 na siku 10 ikiisha, na mwanamke mwenyewe akiridhia, hakuna neno. Kijana anayesomea uanasheria akashusha Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68: mjane yuko huru kukaa anapotaka, asiolewe au aolewe na amtakaye, mila iseme isemavyo. Siku ile grupu lilinoga. Laiti tungelala hapohapo.

Kesho yake ikaanza: anayempenda Doto anashabikia kurithi wajane. Anayempenda Doto ana lake jambo. Halafu mmoja akamwandikia mwenzake mbele ya watu wote: "Wewe unayetuma makopakopa, si unakaa na shemeji yako hapo kwako?" Na kweli anakaa naye, mtoto wa watu yuko chuo cha ufundi, VETA, anasomea umeme. Skrinishoti ikamfikia mume. Hapo ndipo nilipofunga.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo kikuu, SAUT, anasoma hadithi za Kiingereza usiku kucha. Nilipomsimulia akacheka. "Mamdogo, dunia nzima hiyo." Akanieleza kuna tovuti inaitwa Archive of Our Own, mashabiki wanaandika hadithi zao wenyewe kwa kutumia wahusika wa filamu na vitabu, na ugomvi ni uleule: nani anaruhusiwa kumpenda nani, na anayesoma mapenzi mabaya naye ni mbaya? Ila huko mwandishi anabandika tahadhari juu kabisa kabla hujafungua. Ukiingia, umeingia kwa macho yako. Hilo nimelipenda. Sisi tunaye dada ambaye kaka yake alizama, na ile sehemu ya mtumbwi ilimkuta hivihivi, anapika.

Akanisimulia pia kwamba mwishoni mwa Februari 2020 tovuti hiyo ilifungiwa China, baada ya mashabiki wa mwigizaji Xiao Zhan kuchukizwa na hadithi iliyomchora wasivyotaka, wakaishtaki kwa mamlaka. Waliokosa pa kusoma wakamgeuzia kibao mwigizaji, wakasusia bidhaa alizokuwa anatangaza. Naye hakuwa ameandika hata mstari. Nikamkumbuka shemeji wa VETA.

Sasa wapo wanaosema "jamani, ni hadithi tu". Na hao siwaelewi. Kama ni hadithi tu, mbona sehemu ya 7 nililia dukani nikamkatia mteja yadi tano badala ya sita? Mimi simulizi hii nina ugomvi nayo mkubwa, tena ugomvi wa maadili. Uko sehemu ya 31. Wazee wa ukoo wamekaa kikao uani, Minza yuko jikoni anasonga ugali wa kikao hichohicho. Wanaamua. Anatoka na sinia, anaambiwa, mwandishi anaandika "moyo ukamlipuka kwa furaha". Basi, tunaendelea. Hakuna aliyemuuliza. Anampenda Doto, sawa, tunajua, lakini wao walijuaje? Nilipekua jumbe zote za wiki ile. Mistari ya Biblia ipo, matusi yapo, vifungu vipo. Jikoni hakuna aliyeingia.

Jumamosi nilikuwa naenda msibani Sengerema, voisi ikaingia inboksi. Dada wa visiwani, yuko kwenye grupu muda mrefu, hajawahi kuandika zaidi ya "asante mwandishi". Ameniruhusu nisimulie nikiacha jina na kisiwa. Basi lilipanda daraja la Kigongo–Busisi, likamaliza kilomita 3 zote, voisi haijaisha. (Enzi za kivuko ningeisikiliza mara tano kwenye foleni.) Yeye alirithiwa. Kweli, siyo kwenye simu. Shemeji yake aliingia siku ya tatu baada ya matanga, akavua viatu ndani, akauliza chakula kiko wapi. Na dada huyu ni Timu Doto.

"Watu wanasema tunaopenda Doto tunapenda kurithiwa," alisema, na nyuma yake nilisikia bata. "Mimi nampenda kwa sababu anapiga hodi. Mlango anaujua, nyumba ya kaka yake, na bado anasimama nje anapiga hodi mpaka Minza aseme karibu."

Nilizima simu. Jirani yangu kwenye siti aliniuliza kama marehemu alikuwa wa karibu sana.

Nimelifungua grupu jana. Kumbe katikati hapo kuna watu wameripoti ukurasa wa mwandishi, naye kaogopa. Sehemu ya 44 Doto anakwenda Geita kutafuta dhahabu na harudi, aya moja tu, na Minza "akatambua" kwamba anayempenda ni mwalimu. Timu Mwalimu wenyewe hawakushangilia. Stika mbili, kimya.

Saa tano usiku dada wa visiwani akaniandikia: "Dada, ile ya hodi unayo? Simu ilijaa nikafuta."

Ni sehemu ya 22. Nimemtumia.