Nyuma ya Sikio la Mama Mkubwa

Mama mkubwa alilinunua lile boksi la rangi nyeusi dukani Langoni, hapa Lamu, akalipitisha uani ndani ya buibui ili Bibi asilione. Ilikuwa Jumatatu. Binti yake alikuwa anaolewa wiki ile, na kupamba kulipangwa Jumamosi. Siku ya kupamba, mama wa bibi harusi hukaa mbele na mji wote wa wanawake humtazama, tena kwa makini. Naye mvi zilikuwa zimemtoka kipajini na pembeni mwa masikio, nyeupe kabisa, wala hakutaka kuonekana nazo.

"Nipake usiku huu, mwanangu," alinambia. "Wewe umefanya kazi saluni Mombasa, mkono wako unajua."

Nikamjibu kwamba usiku ule hapakwi mtu, tutajaribu tu. Nilichovya pamba kwenye tyubu ya rangi, nikamgusa nyuma ya sikio, pahali padogo, nikamwomba asipaoshe mpaka Jumatano. Boksi lenyewe limeandikwa hivyo: saa 48 kabla ya kupaka. Karibu kila mtu huruka mstari huo, kwa sababu rangi hununuliwa siku inayohitajika.

Mama mkubwa hakupendezwa. "Watu wanapaka piko mikono na miguu kila harusi, nani amedhurika?"

"Wewe haijakuwasha hata mara moja?"

Akanyamaza. Kisha akanyosha mkono wa kushoto chini ya taa. Karibu na kifundo palikuwa na ua la piko, wino mweusi wa kuchorea ngozi, alilochorwa katika harusi ya jirani miaka mingi iliyopita. Wino ulitoka zamani, ila umbo la ua lilibaki kwenye ngozi, jani kwa jani, jeupe kuliko mkono wenyewe. Lilifura, akasema, likatoa maji, likamwasha majuma mazima. Wenzake walimwambia ni kijicho.

Moyo ulinidunda. Hina ya majani haiwi nyeusi hata ukiiacha mkononi usiku kucha: hutoka rangi ya chungwa, kisha hukolea kuwa nyekundu ya kahawia kwa siku moja au mbili. Piko inayokoza weusi kwa muda mfupi, mara nyingi ni rangi ya nywele iliyokorogwa, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Huko Ulaya sheria haikubali PPD kupita 2% katika rangi ya kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Mtu aliyechomwa na piko akiwa msichana anaweza kupaka rangi ya boksi akiwa mtu mzima, na uso ukafura mpaka macho yakaziba. Saluni niliwahi kumwona mteja aliyefika katika hali hiyo baada ya kujipaka kwao. Tulimpeleka hospitali moja kwa moja.

Jumanne mchana sikio lilikuwa shwari, na Mama mkubwa akaanza kunicheka. Usiku likaanza kumwasha. Jumatano alfajiri aliniita chumbani: nyuma ya sikio pamevimba, pekundu, vipele vinatoka maji, na wekundu unateremka shingoni. Tulipaosha polepole kwa maji ya birika, nikaenda duka la dawa kumletea krimu ya kupoza. Kutwa nzima nilikuwa nikimtazama usoni na kufikiria kichwa chote.

Siri ikawa imevuja. Bibi aliitwa kuona, akaona na boksi. Hakugomba. Alitukumbusha habari ya Abu Quhafa, babake Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume siku ya kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu zake nyeupe pepe, Mtume akaamuru wazibadilishe rangi lakini waepuke nyeusi. "Na kilicho bora kwa mvi," akaongeza Bibi, "ni hina na katam, majani mengine ya kukoza rangi. Sasa nyinyi boksi la nini, na mhina uko uani?"

Kwa hiyo tukageuka. Hina tulikuwa nayo, majani ya uani yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa. Lakini hina peke yake juu ya mvi hutoka nyekundu ya kuwaka, na Mama mkubwa hakutaka hivyo. Nilimpigia simu dada yangu aliyekuwa akijiandaa kusafiri kutoka Mombasa, nikamwomba anunue unga wa mnili kabla ya kupanda basi. Si nili ya kufulia nguo! Ni majani ya mnili yaliyosagwa, unga wa kijani unaonuka kama mboga. Nilimsisitizia atazame rangi: unga uliokuwa mweusi tangu kwenye pakiti si majani matupu, na huenda mna PPD ile ile. Akafika Mokowe, akavuka kwa boti, na mchana tukawa nao mkononi. Tuliugusisha pamoja na hina nyuma ya sikio la pili. Pakatulia.

Usiku nilikoroga hina kwa maji ya limau kwenye bakuli la plastiki, nikaifunika ilale itoe rangi. Mnili hautaki limau wala kulala. Nilingoja mpaka Alhamisi asubuhi, hina tayari, ndipo nikaukoroga kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, nikauacha kama robo saa tu na kuuchanganya na hina papo hapo. Ukichelewa nguvu yake huisha.

Tulikaa ukumbini, Mama mkubwa kwenye kibao, leso kuukuu mabegani. Nilimpaka vaselini kwenye mpaka wa nywele, masikio na shingo, kwa sababu rangi ikishika ngozi ya kipaji huonekana kuliko mvi zenyewe. Pale palipofura sikupagusa. Nikavaa glavu, nikagawa nywele vifungu vyembamba, nikaanza penye mvi nyingi, nikijaza shina barabara. Juu tukafunika kwa plastiki na kilemba, akaendelea kuamrisha wapishi hivyo hivyo mpaka baada ya adhuhuri. Maji ya kuosha yalikuwa ya birika, tukiteka kwa kata, bila shampuu, na yalihitajika mengi mno.

Mvi zilitoka na rangi ya shaba iliyofifia, Mama mkubwa akanuna. Nikamwomba subira, mnili huendelea kukoza ukipata hewa. Jumamosi, taa za kupamba zilipowashwa, nywele zilikuwa kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi, na zilimpendeza kuliko weusi wa boksi ungeweza kumpendeza. Sikio alilifunika kwa kikuba cha asumini.

Boksi halikutupwa. Shangazi yangu alilitaka, na Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyemzuia nalo mlangoni mpaka apakwe tone nyuma ya sikio. Siku mbili zikapita bila muwasho wowote. Baada ya harusi nikampaka, zikakolea sawasawa, na rangi iliyobaki nikaimwaga palepale, maana ikishachanganywa na dawa yake hutoa gesi, na ukiifunga kwenye chupa inaweza kupasuka.