Manesi wenzangu, dodoso si salamu

Dodoso la kuridhika na kazi lishafika mawodini na mie tangu juzi nasikia maneno yale yale tu, "aa shoga, tushajaza mangapi", "kwani ukijaza ndo mshahara unapanda?", "mie sitaki kuitwa ofisini". Nimeona bora niandike hapa mana kwenye grupu la WhatsApp ukisema jambo refu watu wanakutumia makopa mawili matatu basi imekwisha.

Tuambizane ukweli kwanza. Sisi watu wa Pemba (na Unguja nyie hampo mbali) ukituuliza hali tunajibu alhamdulillah. Umefanya naiti na mwenzio mmoja wodi ya wazazi, wawili wameingia leba kwa mpigo, huku damu haijasimama, kule mtoto hajalia, daktari anapigiwa simu bado yuko njiani, halafu asubuhi unakutana na jirani kituo cha daladala anakuuliza vipi kazi, unamwambia alhamdulillah. Na ndivyo inavyotakiwa, jirani hana la kukufanyia na kumshukuru Mola ni wajibu. Tatizo ni pale jibu hilo hilo tunapolihamishia kwenye karatasi. Swali linasema "idadi ya wauguzi kwenye zamu inatosha kutoa huduma salama", kuna viboksi vitano toka "sikubaliani kabisa" mpaka "nakubaliana kabisa", na mtu anatia tiki kwenye "nakubaliana" kwa sababu anaona akikataa atakuwa kama amekufuru neema ya kazi, au kama anamsema inchaji wake, yaani msimamizi wa wodi. Jamani, hakuulizwa kama anashukuru! Kaulizwa kama jana usiku manesi walitosha, na jibu analo.

Halafu kuna wale wa katikati. Niliwahi kuikuta fomu moja imesahauliwa juu ya meza chumba cha manesi, haina jina haina wodi, kwenye kona ina duara la kikombe cha chai, na kurasa zote tiki zimeshuka kwenye kiboksi cha katikati zimenyooka utasema zimepigwa rula, mpaka yale maswali ambayo watafiti huwa wanayageuza makusudi ili waone kama mtu anasoma kweli. Ni sawa na chati ya wodi nzima kuandikwa joto 36.8 na thamomita imo kabatini. Mnajua nnachosema.

Sasa hili la "karatasi haibadilishi kitu". Mwaka 1999 manesi wa jimbo la Pennsylvania kule Marekani walitumiwa dodoso kwa posta, wakaulizwa kuhusu kazi, uchovu, kuridhika, na kwenye zamu yao ya mwisho walikuwa na wagonjwa wangapi. Majibu ya manesi 10,184 kutoka spitali 168 yakaingia kwenye hesabu. Linda Aiken, ambaye na yeye ni nesi, pamoja na wenzake wakayaweka pembeni ya rekodi za wagonjwa 232,342 waliofanyiwa operesheni, na mwaka 2002 wakatoa matokeo: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, uwezekano wa nesi kuchoka kupita kiasi unapanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi asilimia 15. Na walikuwa wanalinganisha nesi mwenye wagonjwa wanne na mwenye wanane, hapo sijui nicheke au nilie. Lakini ninachotaka mkione ni hiki, ile idadi ya wagonjwa kwa kila nesi haikutoka kwa mkurugenzi wala kwenye ripoti ya mwaka, ilitoka kwa manesi wenyewe kwenye fomu zao. Wangejibu "tunashukuru" utafiti usingekuwepo. Sisemi dodoso letu litaleta maajabu hayo, nasema tu namba za namna hii zinaanzia kwenye mkono wa mtu aliyetoka zamu.

Haya, tuje kwenye hofu, mana hii ndo kubwa na mie siidharau. Fomu haina jina, sawa, lakini ukurasa wa kwanza unaulizwa wodi, jinsia, umri, elimu, miaka kazini. Wodi ya wazazi ina nesi mwanamme mmoja tu, ana diploma, ana miaka miwili kazini, hapo jina la nini tena? Kwahiyo kabla hujajaza isome ile karatasi ya ridhaa, uone nani atazisoma fomu na zitawekwa wapi. Utafiti wa afya huku Zanzibar unatakiwa upite kamati ya maadili, ZAHREC, basi muombe mtafiti akuoneshe kibali, si utovu wa adabu kuuliza. Kushiriki ni hiari, na swali unaloona litakuanika liruke, mengine yote ujibu. Fomu ikishajaa itie kwenye bahasha, ifunge mwenyewe, umpe mtafiti mkononi. Inchaji akisema nipeni mie nitazipeleka, mwambieni kwa upole, "samahani bi mkubwa, tumeambiwa kila mtu apeleke yake." Na nyie mainchaji, nawapenda, ila msisimame nyuma ya mtu anapojaza.

Na msijaze kwa jamii kwenye chai ya saa nne, mmoja anasoma swali kwa sauti wengine "tia tatu, tia nne". Hiyo inakuwa fomu ya yule mwenye sauti kubwa.

Kuhusu watafiti wanaokuja wakachukua majibu wakapata digrii zao wasionekane tena, hapo lawama yenu ni ya haki na sina la kuwatetea. Ila dawa yake ni kumuuliza pale pale anapogawa fomu: matokeo utatuletea lini, na utayasoma mbele ya nani? Akigugumia, muulizeni tena mbele ya metroni, mkubwa wa manesi wote.

Mwisho wa fomu kuna sehemu ya "maoni mengine", wengi huiacha nyeupe au huandika "mazingira magumu". Mazingira magumu yepi? Andika kwamba glavu saizi ndogo hazipo, tunavaa kubwa zinateleza mkononi tukishona. Andika kwamba zamu ya jioni inaisha daladala zishapungua na mtu wa Kengeja hajui atafikaje kwao. Na zuri liandikeni pia, kama kuna daktari ambaye ukimwamsha usiku anakusikiliza hadi mwisho bila kukufokea, au mkubwa wenu anapanga rota akikumbuka nani ana mtoto mchanga, liandike, mana lisipoandikwa siku akihamishwa hakuna atakayejua kilichopotea.

Watu wa naiti, msijaze alfajiri mkiwa mnasubiri kukabidhi ripoti, macho yenyewe hayaoni. Nendeni nayo nyumbani, mlale, mkiamka mkishakunywa chai ndo mjaze. Mie yangu ishaingia kwenye bahasha, maoni yamenifikisha mpaka nyuma ya karatasi, na la glavu ndo nimelianza.